Fundi anataka kukata mbao Jumatatu: mchoro huu wa baa ya nyumbani uko sawa?

SWALI

Washauri, salamu.

Mimi na mke wangu tumetenga kona ya sebule tujenge baa ndogo ya familia. Ukuta wa nyuma una urefu wa mita 3, na kutoka ukutani hadi nyuma ya makochi ni mita 3 pia. Fundi seremala ametuletea mchoro. Kaunta ina urefu wa mita 2.4, upana wa sm 60 na kimo cha sm 90. Uso wake ni mbao ngumu tupu ya unene wa sm 4, iliyogundishwa na kupigwa skrubu moja kwa moja kwenye fremu, halafu inasuguliwa shelaki hadi ing'ae. Nyuma ya kaunta ameacha njia ya sm 55. Friji ndogo itaingia ndani ya kabati na kufunikwa pande zote ili isionekane. Rafu ni za kioo cha mm 6, kila moja mita 1 bila nguzo ya kati, tatu kwa jumla, zibebe chupa 60. Stuli sita tumeshanunua, na kalio lake liko sm 75 kutoka sakafuni.

La pili ni kinywaji chenyewe. Tungependa Jumamosi moja kila mwezi ndugu wakutane tuonje burboni (wiski ya Kimarekani ya mahindi) taratibu, lakini familia ni mchanganyiko. Shemeji humimina kwa macho. Mzee wetu anatumia dawa za kisukari na hapendi kutengwa. Dada yangu ni mjamzito, wengine hawanywi kabisa, na watoto hawakosi kuzungukazunguka. Tena kuna chupa tuliyoifungua mwaka jana, imebaki robo, na sasa ladha yake imepooza. Imeharibika?

Fundi anasema anaanza kukata Jumatatu. Tumruhusu?

Mwenye kona

JIBU

Ndugu msomaji, mwombe fundi asubiri. Mchoro wake ni wa kabati zuri, si wa baa, na makosa yaliyomo ni ya aina ambayo mbao zikishakatwa hayarudi nyuma.

Tuanze na stuli, kwa kuwa zimeshanunuliwa. Mtu aliyekaa anahitaji sm 25 hadi 30 kati ya kalio la stuli na upande wa chini wa kaunta. Kwenye mchoro, 90 ukitoa 4 za unene wa mbao unabaki na 86, na stuli iko 75. Zimebaki sm 11, na hapo paja la mtu mzima halipiti. Atakaa upande upande kama anayesubiri kuondoka. Pandisha kaunta hadi sm 105. Hapo unapata sm 26 safi chini yake, na anayesimama naye anaegemeza viwiko bila kuinama. Kimo cha sm 90 kiache kwa kaunta ya nyuma, ile ya ukutani, kwa sababu huko ndiko kukata, kumimina na kukoroga kunakofanyika, na mkono hufanya kazi vizuri ukiwa chini kidogo ya kiwiko.

Uso wa kaunta uchomoze sm 25 upande wa wageni ili magoti yapate pa kuingia. Bila hapo, watu watakaa mbali na kinywaji kitamwagikia mapajani. Bomba la kuwekea miguu lipite sm 20 kutoka sakafuni na sm 15 mbele ya ubao wa mbele wa fremu. Ndani ya fremu, fundi aweke kipande kizima cha mbao kila mahali bano la bomba litakapofungwa, kwa kuwa watu hawaliwekei miguu tu, hulikanyaga kwa uzito wao wote. Bano likiwa limeshika plaiwudi nyembamba peke yake litang'oka.

Sasa idadi. Kila aliyekaa anahitaji sm 60 za upana, kwa hiyo mita 2.4 ni watu wanne. Sita watagongana viwiko, na mabega yakigusana ndipo glasi zinapoangushwa. Stuli mbili zilizozidi zipeleke kwingine.

Njia ya sm 55 ndiyo inayotusumbua kuliko yote. Mlango wa friji ndogo una upana wa karibu sm 48. Ukiufungua, aliyesimama pale hana pa kwenda. Tumia hesabu hii: kaunta ya nyuma sm 60, njia sm 80, kaunta ya mbele sm 60, na sm 90 za stuli pamoja na mtu wa kupita nyuma yake. Jumla ni sm 290, nawe unazo 300. Pembeni zimebaki sm 60 za mlango wa kuingilia. Usizibe hizo kwa kabati, hata fundi akikwambia nafasi inapotea bure. Kabla ya kukubali lolote, bandika utepe sakafuni kwa vipimo hivi, panga makatoni hadi kimo cha kaunta, kisha mkae, msimame na mpishane mkiwa na trei. Dakika kumi za zoezi hilo zitakuonyesha mengi ambayo karatasi haiwezi.

Fremu ifanywe kwa mbao za sm 5 kwa 10, nguzo moja kila sm 40, na mbao ya chini ifungwe sakafuni kwa plagi za mm 8 na skrubu za mm 80 kila baada ya sm 60. Usiridhike na uzito wa kaunta peke yake. Mtu mzima akiegemea kwenye kimo cha sm 105 na uso umechomoza, kaunta isiyofungwa huyumba, na kuyumba huko hulegeza viungo vyote taratibu. Ukingo uliochomoza ushikwe kwa vyuma bapa kila sm 60.

Mbao ngumu tupu inapendeza na hatuipingi. Tatizo ni namna ya kuifunga. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri hewa inavyobadilika, ila kwa urefu wake karibu haisogei. Ubao wa upana wa sm 60 ukitoka kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 9 unaweza kusinyaa kati ya mm 4 na 8, kutegemea aina ya mti na ulivyopasuliwa. Gundi na skrubu zikiukatalia, utajipasua wenyewe, na mpasuko utaanzia mwishoni na kukimbilia katikati. Dawa yake ni ndogo: matundu ya skrubu kwenye fremu yatobolewe marefu, mm 6 kwa 12, yakielekea upana wa ubao, kila skrubu iwe na washa (kipete bapa cha chuma), na gundi isitumike kabisa kati ya uso na fremu. Mbao zipimwe kwa kipima unyevu, zisizidi asilimia 12, kisha zikae ndani ya chumba hicho hicho wiki mbili zikiwa zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Na chini ya ubao pakwe tabaka sawasawa na juu. Fundi wengi huruka hapo kwa sababu hapaonekani, halafu ubao unakunjamana kama sahani kwa vile upande mmoja unanyonya unyevu na mwingine hauwezi.

Sisi tungechagua plaiwudi mbili za mm 18 zilizogundishwa pamoja, zikafunikwa veniya nzuri (ganda jembamba la mbao) na kuzungushiwa ukingo wa mbao ngumu. Haichezi, na mgeni hatajua.

Kuhusu shelaki, hapana. Shelaki ni utomvu wa mdudu ulioyeyushwa kwa spiriti, kwa hiyo spiriti ndiyo inayoiyeyusha tena. Tone la wiski likilala juu yake, asubuhi utakuta doa linalonata. Ukitaka kumthibitishia fundi, mpe kipande cha mbao alichokwisha kukisugua, dondoshea burboni, subiri dakika kumi, kisha pitisha kidole. Kwa baa tumia vanishi ya poliurethani ya mafuta, tabaka nne: ya kwanza iliyopunguzwa kwa asilimia 10 ya kiyeyushi chake, nyingine bila kupunguzwa, saa 24 kati ya tabaka na tabaka, na msasa namba 240 kila mara kabla ya kupaka tena. Glasi za barafu zisikanyage juu yake kabla ya siku 7, na mwezi mzima upite ndipo isuguliwe kwa nguvu.

Wapo wanaopenda ule uso mnene wa epoksi (gundi ya majimaji inayoganda ikichanganywa na kigumishi) unaong'aa kama kioo. Kwa kaunta yako yenye mita za mraba 1.44, unene wa mm 3 unakula lita 4.3, kwa hiyo nunua lita 5. Sehemu ya ziada ni ya mpako mwembamba wa kwanza wa kuziba vinyweleo. Usipoupaka huo, hewa iliyomo ndani ya mbao itapanda na kuganda kama mapovu. Fuata uwiano ulioandikwa kwenye kopo bila kukadiria. Ukikosea, sehemu zitabaki zikinata milele, na kuongeza kigumishi hakuharakishi kitu. Sufuria ya moto usiiweke juu yake, kwa sababu epoksi hulainika.

Friji. Ile ndogo ya kawaida hutoa joto kwa nyuma au ubavuni. Ukiifungia ndani ya kabati, joto linarudi kwake, mota inafanya kazi bila kupumzika na haimalizi miaka yake. Acha sm 10 nyuma na sm 5 kila ubavu, na toboa matundu mawili ya hewa, moja chini kwenye ubao wa miguu, jingine juu, kila moja la sm za mraba 200. Hewa baridi iingie chini, ya moto itokee juu. Kama hutaki matundu yaonekane, nunua friji ya kujengewa inayopumulia mbele. Ziko za aina hiyo.

Rafu za kioo cha mm 6 zenye mita nzima bila nguzo zinatutia wasiwasi. Chupa moja iliyojaa ina uzito wa kilo 1.3 hivi. Safu mbili kwenye mita moja zinaingia chupa 22, yaani karibu kilo 29. Tumia plaiwudi ya mm 18 yenye ukanda wa mbao wa sm 4 uliosimamishwa chini ya ukingo wa mbele, na bano kila sm 50. Ukishikilia kioo, kiwe kilichoimarishwa kwa moto (tempered) cha mm 10, na bano za sm 50 vilevile. Nafasi kati ya rafu na rafu iwe sm 36, na safu ya nyuma iinuliwe kwa ngazi ya sm 8 ili lebo zisomeke. Taa za LED za rangi ya joto, kelvini 2700, zinatosha. Mita 3 za wati 10 kila moja ni wati 30, kwa hiyo adapta iwe ya wati 40 na ikae penye hewa. Dirisha lisipige jua kwenye chupa. Sinki, kama bomba haliko kwenye ukuta huo, liache. Trei na beseni vinatosha, glasi zitaoshwa jikoni.

Na kwa kweli chupa 60 za nini? Kumi na mbili zinawatosha. Burboni haizeeki ndani ya chupa, hivyo kuirundika hakuiongezei kitu.

Tukija kwenye burboni yenyewe, kusoma lebo kutakuokolea fedha nyingi kuliko kusikiliza sifa. Kwa sheria ya Marekani, burboni lazima itengenezwe huko, na si Kentucky peke yake kama wengi wanavyodhani. Nafaka yake iwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi, ikae kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani, iingie humo isizidi asilimia 62.5 ya kilevi, na itiwe chupani isipungue 40. Rangi wala ladha haiongezwi, kile kikahawia chote ni mwaloni. Neno "straight" lina maana ya miaka miwili au zaidi, na ikiwa chini ya minne umri lazima uandikwe. "Bottled-in-Bond", ya sheria ya mwaka 1897, ni kiwanda kimoja, msimu mmoja, miaka minne au zaidi, na kilevi asilimia 50 kamili. "Small batch" haina tafsiri ya kisheria, kwa hiyo usiilipie zaidi.

Kwa Jumamosi ya kwanza chukua chupa tatu zinazotofautiana kwa nafaka, ili hata asiye mzoefu asikie tofauti. Maker's Mark ina ngano mahali pa rai (nafaka jamii ya ngano, yenye ladha kali) na huteleza kwa utamu. Bulleit ina rai asilimia 28 na inauma kidogo kama pilipili manga. Zote mbili kwa kawaida ni asilimia 45. Ya tatu ni Wild Turkey 101. Namba hiyo ni prufu, ambayo Marekani ni asilimia mara mbili, yaani 50.5. Nenda kwa mpangilio huo, kali iwe ya mwisho, la sivyo ulimi utakufa ganzi mapema.

Kila mtu ml 15 za kila moja, basi. Jumla ni ml 45, zenye kilevi halisi kama gramu 17, na mazungumzo ya saa nzima. Glasi iwe ndogo, yenye tumbo na mdomo mwembamba. Pua ikae sm 3 juu ya mdomo wa glasi na mdomo wako uwe wazi kidogo unapovuta pumzi. Ukiizamisha pua, mvuke wa kilevi utaichoma na hutasikia harufu nyingine. Onja tupu kwanza, kisha ongeza maji. Nusu kijiko cha chai, ml 2.5, hushusha ile 101 kutoka 50.5 hadi karibu 43, na hapo vanila na karameli hujitokeza. Watakaosema haikuwa na ladha mwanzoni mara nyingi walihitaji hayo maji tu.

Baada ya kuonja, anayetaka kuchanganya mpe Old Fashioned ndogo: burboni ml 45, shira ya sukari ml 5, bita (kiungo kichungu cha mitishamba) mikung'uto miwili, koroga na barafu sekunde 25, mimina juu ya pande moja kubwa la barafu, kamulia ganda la chungwa juu yake. Tumia shira, usitumie sukari kavu, kwa sababu sukari haipendi kuyeyuka kwenye kilevi na utaikuta yote chini ya glasi. Pande la sm 5 kila upande huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo vya ujazo ule ule. Ligandishe kwenye chombo kilichofunikwa, maana barafu hunyonya harufu ya samaki na vitunguu vya kwenye friza.

Shemeji asikatazwe mbele za watu. Mpe kazi ya kumimina na umkabidhi toti ya ml 30 yenye mstari wa 15. Kwenye glasi pana, ml 60 huonekana kidogo sana, ndiyo maana jicho hudanganya. Kama anabisha, amimine "toti moja" kwa macho, kisha muirudishe kwenye kipimo.

Mzee ni suala la daktari wake kwanza, kabla ya Jumamosi hiyo. Kilevi huzuia ini kuachia sukari kwenye damu. Kwa anayetumia insulini au vidonge vinavyosukuma insulini, sukari inaweza kuporomoka, hata saa nyingi baadaye akiwa amelala. Dalili zake ni jasho, kutetemeka na maneno kuvurugika, na watu huzichukulia kuwa ni ulevi, wakamwacha alale. Daktari akiruhusu, ale kwanza, apewe kidogo, na sukari ipimwe kabla ya kulala. Asiporuhusu, atakunywa kama dada yako.

Naye dada asipewe hata tone, na glasi yake iwe ile ile ya wengine. Tengeneza chai kavu nzito iliyopoa ml 90, asali iliyolainishwa kwa maji ml 15, ndimu ml 10, pande la barafu na ganda la chungwa. Ukali wa chai unashika ulimi kama mwaloni unavyoshika, ndiyo maana haionekani kuwa soda ya watoto. Usiweke bita ndani yake. Angostura, kwa mfano, ina kilevi cha karibu asilimia 45, na matone yake hayafai kwa mjamzito wala kwa asiyekunywa kwa imani yake.

Kwa watoto, kabati la chini liwe na kufuli la ufunguo, sumaku haitoshi. Hatari kubwa zaidi ni masalio ya glasi yaliyoachwa juu ya kaunta usiku, yakakutwa na mtoto aliyetangulia kuamka. Kilevi kidogo humshusha mtoto sukari haraka. Glasi zote zisuuzwe kabla mtu hajalala, na anayeendesha gari ajulikane kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa.

Ile chupa yenu haijaoza wala haina madhara. Imebaki robo, robo tatu ni hewa, na hewa imeipunguzia harufu. Itumieni kwenye Old Fashioned. Siku nyingine chupa ikifika theluthi, hamishia kwenye chupa ndogo ya kioo safi ijae hadi shingoni. Chupa zisimame wima daima, tofauti na mvinyo, kwa kuwa kilevi kikali hula kizibo cha koki, yaani cha gome la mti. Kizibo kikivunjika, chuja kwa karatasi ya kahawa na uzibe kwa kizibo ulichotunza kutoka chupa iliyokwisha. Birika la kristali lenye madini ya risasi litumike kwa jioni moja tu, burboni isilale humo, maana risasi huingia kwenye kinywaji.